Gari la Hilja Linatoa Moshi

Negaunee, Michigan
8 Januari 1989

Kwa shemeji Onni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na nyonga yako inaendelea kupona. Huku baridi ni kali na theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha gereji. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje, nawe ukanijibu habari za bei ya viazi.

Nina shida na gari la Hilja, lile la Kiswidi lenye turbo, ambalo wewe kaka yake ulimshawishi alinunue. Linatoa moshi. Mimi ni mtu wa mgodini, magari siyajui. Tafadhali nieleze la kufanya kabla sijalipeleka kwa vijana wa hapa wakanibadilishia injini nzima.

Hilja anaendelea vizuri. Naenda kila siku baada ya chakula cha mchana, pale nyumba ya wazee Marquette. Tangu kiharusi maneno yake ni machache, lakini anakusalimu.

Wako,
Urho Saarela


Duluth, Minnesota
14 Januari

Urho,

Umeniandikia kama karani wa mahakama. "Linatoa moshi." Ndivyo mtu anavyomwambia fundi? Wewe ndiwe yule aliyekwenda kwa daktari, akasema "naumwa", kisha akakaa kimya akitazama kofia yake.

Moshi una rangi, una harufu, na una saa zake. Ukiwa mweupe na unanukia tamu tamu, maji ya rejeta yanaingia kwenye injini, gasketi imekufa. Ukiwa mweupe bila harufu, asubuhi, kwenye baridi kama hii, huo ni mvuke tu, usinisumbue. Mweusi maana yake linapewa petroli kuliko linavyoweza kuchoma. Wa buluu ni oili inayoungua, na hapo ndipo wenye turbo huanza kuuza ng'ombe. Sasa toka nje, simama nyuma ya gari, tazama, nusa, halafu uniandikie kama mtu mwenye macho na pua.

Na dada yangu je? "Anaendelea vizuri" si habari, hata gazeti la kanisa linaandika zaidi ya hapo. Anakula? Mkono wa kulia umeamka? Mpelekee mkate wa iliki, ule unaookwa na yule mjane wa Heikkinen, na uuchovye kwenye kahawa kwanza ili asipaliwe. Ningekuja mwenyewe, lakini daktari hataki nikae kwenye basi na nyonga hii.

Andika mambo, bwana. Mimi huku nakaa na redio nisiyoisikia.

Onni


Negaunee
20 Januari

Shemeji Onni,

Nimefanya kama ulivyosema. Moshi ni wa buluu. Unanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni.

Asubuhi hautoki, hata kidogo. Usiku nalichomeka gari kwenye waya wa umeme wa kuipasha injini joto kama kila mtu hapa, na asubuhi linawaka bila taabu. Njiani hautoki, hata nikipanda kilima na kukanyaga mafuta. Unatoka mahali pamoja tu: nikiondoka kwenye maegesho ya nyumba ya wazee. Nikikanyaga tu kutoka pale, nyuma yangu kunatanda wingu. Juzi mtu aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama akaziba pua kwa mkono mpaka nikaona aibu. Kabla sijafika barabara kuu umekwisha.

Jambo jingine, linakula petroli sana. Najaza mara mbili kwa wiki na sijui inakwenda wapi.

Hilja alikula mkate wa iliki, vipande viwili, uliochovywa kwenye kahawa. Alicheka alipoiona kofia yangu mpya.

Urho


Duluth
26 Januari

Shemeji,

Kwanza hilo la kucheka. Nilisoma hapo, nikaiweka barua mezani, nikaichukua nikasoma tena. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba dada yangu hatacheka tena. Sina aibu kukuambia nililia kidogo. Asante kwa kwenda kila siku. Huwa nakutania kwa kuwa wewe ni shemeji na ndiyo kazi yangu, lakini sijui ni wanaume wangapi wangekwenda kila siku kwenye theluji hii.

Sasa gari. Umeandika vizuri mpaka nikashangaa. Kama sili za valvu zingekuwa zimeisha, lingetoa moshi asubuhi, oili ikiwa imeshachuruzika usiku kucha. Kama ringi za pistoni zingekuwa zimekufa, lingetoa kilimani. Hizo tuziache. Tunabaki na turbo yenyewe, kile kipulizio kinachosukumia injini hewa.

Fanya hivi, injini ikiwa imepoa. Legeza ule mpira mnene unaoingiza hewa kwenye turbo, uuchomoe, uangalie kwa tochi. Utaona feni ndogo. Ishike kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, turbo imekufa, tutaizika. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili, ufungue na kifuniko cha kujazia oili, uangalie chini yake. Niambie unachokiona.

Na unijibu hili kwa uangalifu: ukifika pale gari linasimama muda gani, na unazima injini au huzimi?

Onni


Negaunee
3 Februari

Shemeji Onni,

Feni haiendi mbele wala nyuma. Inacheza kidogo upande, ndivyo tu. Ndani ya mpira kulikuwa na oili, vidole vyangu vilitoka vyeusi.

Kijiti sikukikuta kimekaa sawasawa. Kilikuwa kimesukumwa juu, kana kwamba kuna kitu kilikisukuma kutoka ndani. Chini ya kifuniko kuna povu zito la manjano, kama mayonezi.

Gari linasimama saa moja, siku nyingine zaidi. Injini nazima, bila shaka. Nazima ndipo napanda ghorofani kwa Hilja.

Jana Hilja alitamka jina langu.

Urho


Duluth
10 Februari

Urho,

Turbo yako ni nzima. Gari lako halina ugonjwa wowote, nawe unanidanganya.

Povu lile la manjano ni maji na oili. Linatokea kwenye injini inayowaka muda mrefu bila kufanya kazi, haipati joto la kutosha kukausha unyevu wake. Povu likizidi linaganda kwenye mpira ambao injini inapumulia. Injini ikikosa pa kupumulia, pumzi inasukuma kila kitu, ndiyo maana kijiti chako kiliruka. Oili ya turbo nayo inashindwa kushuka, inavuja polepole kwenye ekzosi na kukaa humo. Ukikanyaga mafuta inaungua yote kwa mara moja. Hilo ndilo wingu lako. Gari linalozimwa likasimama saa moja haliwezi kufanya hivyo. Gari linalokwenda barabara kuu na kurudi haliwezi kumaliza matangi mawili kwa wiki.

Kwa hiyo kila siku gari la dada yangu linasimama saa nzima likinguruma. Nimefanya kazi ya gereji tangu nikiwa kijana, na najua kwa nini watu huku kwetu hawazimi injini wakati wa baridi. Ni kwa sababu ndani ya gari kuna mtu, na hawataki apigwe na baridi.

Ni nani, Urho? Ni huyo mjane wa Heikkinen? Mimi mwenyewe ndiye niliyekutuma kwake ukanunue mkate. Nimekaa hapa kama mjinga nikikushukuru kwa machozi, wakati dada yangu amelala ghorofani hawezi hata kujigeuza, nanyi mko chini ya dirisha lake mnakunywa kahawa.

Usiniambie habari za moshi tena.

Onni


Duluth
2 Machi

Urho,

Kimya chako kinaniumiza. Niliandika nikiwa na hasira, na barua ile niliituma kabla haijapoa. Kama nimekosea, nitukane. Kama sijakosea, nitukane vilevile, ila uniambie Hilja yukoje. Nilipiga simu nyumba ya wazee, nikasikia tu kwamba kuna mtu anaongea upande wa pili, nikakata. Sina mwingine wa kumuuliza.

Onni


Negaunee
7 Machi

Onni,

Mtu aliye ndani ya gari ni mimi.

Sijakosa kwenda hata siku moja. Kila siku nafika, naegesha pembeni karibu na mahali greda linaporundika theluji, na ninakaa. Najiambia nimalize kahawa kwanza. Najiambia pengine wanamwogesha, ngoja wamalize. Mkate wa iliki naula mwenyewe, wote, mpaka suruali zangu hazifungi. Kisha saa nzima inapita, nami nakanyaga mafuta naondoka. Tangu siku nilipompeleka sijauvuka mlango ule. Hakuna mwanamke. Ningekuwa na mwanamke ningekuwa na la kujitetea.

Hilja hakucheka kofia yangu, wala sina kofia mpya. Hakutamka jina langu. Niliyaandika kwa sababu nilitaka yawe kweli, na kwa sababu ulifurahi. Ulipoandika kwamba ulilia, nilikaa na barua yako jikoni nikajiona mtu wa hovyo kuliko wote, halafu nikaongeza uongo mwingine. Ndivyo nilivyo.

Sasa nikuambie lililotokea, maana hata mchungaji hajui.

Alipotoka hospitali mwezi wa kumi na moja nilisema nitamtunza nyumbani. Ikafika Jumamosi. Unajua kwetu Jumamosi ni siku ya sauna, siku ya kuoga mvuke wa mawe ya moto, tangu tuoane hatujaikosa ila siku aliyozikwa mama yenu. Alinyoosha ule mkono mzima kuelekea sauna kule nyuma ya nyumba. Muuguzi alikuwa ameshanikataza. Nikaona, mwanamke huyu ameshanyang'anywa kila kitu, nimnyime na hili? Nikawasha jiko, mawe yakapata moto, nikambeba mpaka kwenye benchi la chini. Niliyamwagia mawe maji kidogo tu. Alifumba macho, na uso wake ukalegea kama zamani. Nilifurahi, Onni. Nilidhani nimeweza.

Kumwinua ndiko kulikonishinda. Mwili ulikuwa na jasho, unateleza, na upande mmoja hausaidii kitu. Akaniponyoka akaanguka sakafuni. Nilijaribu mpaka mgongo ukakatika, na joto linazidi. Nikaona atanifia. Nikajifunga taulo nikakimbia kwenye theluji mpaka kwa majirani, akina Mattson.

Wakaja, ndugu wawili, na mabuti yao. Wakafungua mlango. Hilja yuko sakafuni kama alivyozaliwa. Dada yako, ambaye hata nguo za ndani hajawahi kuzianika uani kwa sababu ya majirani. Taulo kubwa lilikuwa moja, Onni, nami nilikuwa nimelivaa mimi.

Hakulia. Alinitazama mimi, akalitazama taulo. Akina Mattson walimfunika kwa koti. Hawajasema neno kwa mtu, ni watu wazuri, nami tangu siku ile nageuza njia nikiwaona dukani.

Siku nilipompeleka Marquette aligeukia ukutani. Nikasema nitarudi kesho. Nimerudi kila kesho. Ni mlango tu ndio unaonishinda.

Nilikuuliza habari za moshi kwa kuwa watu walianza kulitazama gari, nikaogopa siku moja muuguzi atatoka aulize ni nani huyu. Nilitaka uniambie namna ya kuuondoa nipate kuendelea kukaa pale bila kuonekana. Hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Sasa unajua. Usipojibu nitaelewa.

Urho


Duluth
13 Machi

Urho,

Nilikuita mzinzi na mwongo. La kwanza nalirudisha, na niombe radhi pia kwa mjane wa Heikkinen ingawa hajui lolote. La pili tutagawana.

Nyonga yangu ilipona kabla ya Krismasi. Daktari aliniambia nipande basi, nipande na farasi nikitaka. Ni mimi nisiyetaka kumwona Hilja akiwa vile. Alikuwa ananibeba mgongoni kuvuka mto tulipokuwa wadogo, na sikutaka kuona kwamba hawezi kushika kijiko. Basi nikakaa hapa nikidai habari kwa barua. Anakula? Anacheka? Nilikuwa nakuagiza uniandikie dada ambaye ningeweza kumvumilia, nawe ukaniandikia. Nilipokuwa nakufokea kuhusu dirisha lake, mimi nilikuwa maili mia mbili mbali, na sina hata moshi wa kuonyesha kwamba nimewahi kufika.

Kwa hiyo usijidharau mbele yangu, sina cheo hicho. Wewe hukuvuka mlango. Mimi sikuvuka hata barabara.

Kuhusu gari: ondoa mpira wa kupumulia, uuoshe kwa mafuta ya taa, ukaushe kando ya jiko, urudishe. Badilisha oili. Lakini hayo hayatasaidia kitu usipofanya moja zaidi, na hili nakuambia kama fundi. Ukifika pale, zima. Ndani ya gari kutakuwa na baridi ya kukutoa machozi, hutaweza kukaa, utalazimika kwenda mahali penye joto. Mlango wenye joto ulio karibu unaujua.

Na ubebe lile taulo. Usiniulize kwa nini, sijui kwa nini. Libebe tu.

Nimekata tiketi ya basi. Nitafika Jumamosi ya tarehe ishirini na tano, mchana.

Onni


Negaunee
19 Machi

Onni,

Nilizima.

Nilikaa mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikatoka na mkate chini ya koti na taulo mkononi, kama mtu aliyepotea akitafuta bwawa la kuogelea. Binti wa mapokezi aliniuliza nimekuja kwa nani. Nilipotaja jina alichungulia nje kwenye maegesho. Akasema, "Wewe ndiye wa gari la moshi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Akaniambia tukipanda ngazi. Kila siku baada ya chakula Hilja hataki kulala. Anapiga kiti kwa mkono mzima mpaka wamsogeze dirishani, na wakichelewa anawakasirikia. Walidhani anapenda kutazama ndege. Anakaa pale saa nzima hageuki. Wingu la buluu likishapita ndipo anakubali kupelekwa kitandani. Siku ya dhoruba kubwa, barabara ilipofungwa nami nikafika jioni, alikaa hapo bila kula mpaka nilipofika nikaondoka.

Alikuwa anajua, Onni. Miezi yote hii. Mimi nilijificha, yeye alikuwa ananisubiri niondoke salama.

Nilipoingia alikuwa dirishani, amenipa mgongo. Nilisimama mlangoni kwa aibu ambayo sijui kuiandika. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba msamaha, nimeyarudiarudia njia nzima, yakanipotea yote. Akageuza kichwa. Akanitazama mimi, akatazama nje kule lilipo gari, akahangaika na mdomo mpaka neno likatoka.

"Umezima?"

Unakumbuka alivyokuwa akinigombeza kwa kuacha injini ikinguruma, kila tukifika kanisani. Nikasema, "Nimezima." Akanyoosha mkono. Nilidhani anautaka mkate, lakini alilichukua taulo, akaliweka magotini akaliminya kwa vidole. Alilia hapo, nami nikalia, na binti wa mapokezi akafunga mlango. Sikusema yale maneno. Nitayasema, leo hayakuwepo.

Baadaye nilimchovyea mkate. Alikula kipande kimoja, si viwili, na nusu yake ilianguka. Mkono wa kulia haujaamka. Jina langu bado hajalitamka, na lako nilipolitaja aliinua nyusi tu. Utamkuta amekonda, na mdomo umekwenda upande, nakuambia mapema ili usije ukasimama mlangoni kama mimi.

Nitakupokea kituo cha basi Jumamosi. Mpira nimeuosha, na leo nilipoondoka nilitazama kioo cha nyuma, moshi ulikuwa kidogo sana. Nikapiga honi ili ajue kwamba nimetoka.

Hajacheka. Akicheka nitakuandikia.

Urho